Mvua ya Mwaka Sabini na Nane

Kwa anwani ya Usharika, Njombe
22 Novemba 1999

Mtani wangu Ashura,

Kamwene. Sisi wazima, mke wangu Ema anakohoa kidogo lakini sauti ya kunigombeza ipo palepale. Wewe najua u mzima, maana ninyi Wangoni hamuumwi, mnangoja tu sisi Wabena tuvune mje kuteka.

Umeniuliza kama ile mvua iliyowanyeshea Makambako Alhamisi ni ya kupandia au ni ya kuozesha mbegu. Umefanya vizuri kuuliza. Marehemu mumeo Abdulsalam naye hakuligusa shamba la Kitandililo mpaka apate karatasi yangu, na miaka yote sita hakujuta. Mvua huanza huku juu kwetu. Ikishika, baada ya siku kumi inakuwa imetulia kwenu. Hilo sikulisoma popote, nimelipima mwenyewe.

Basi soma. Tarehe 12, milimita 9. Tarehe 13, milimita 4. Tarehe 15, milimita 17. Tarehe 18, 11 na nusu. Jana, 6. Jumla arobaini na saba na nusu. Zote nimezisoma saa tatu kamili asubuhi kwenye kipimo changu cha shaba, kile walichoniachia watu wa hali ya hewa nilipokuwa bado nafundisha.

Panda, mtani. Usingoje.

Watu huku wana hofu nyingi. Tangu El Nino ibebe daraja letu, wingu likionekana wanaogopa, lisipoonekana wanaogopa zaidi. Redioni kuna bwana anasema dunia inapata joto kwa moshi wa nchi za mbali, na Jumapili baada ya ibada tulibishana juu yake mpaka chai ikapoa. Mimi naenda na vipimo, na vipimo nimekuandikia.

Wako,
Mwalimu Elius Mgaya


Makambako
2 Desemba 1999

Mwalimu, mtani wangu, Mbena mbishi,

Barua yako kondakta aliileta ikiwa imekunjwa kama tumbaku, lakini namba zilisomeka. Nimepanda. Tarehe 25 na 26, mimi na wifi yangu Rehana nyuma ya ng'ombe wa kukodi, ekari zote tatu. Nimetia mbegu ya pakiti na ile yangu niliyoitundika juu ya moshi mwaka mzima, sikubakiza hata ya kukaanga. Jirani yangu Ezekia aliponiona akaja kuuliza. Nikamsomea karatasi yako pale pale mpakani, na kesho yake naye akapanda.

Sasa sikia kituko. Jana sokoni, Fidelia, yule muuza viazi wa huko kwenu Njombe, ananiambia eti huko ni vumbi tupu, wanaume wanafukuzana na moto milimani. Nikamwambia mimi nina mtu wangu ana kipimo, wewe una viazi. Tukarushiana maneno mpaka watu wakacheka. Najua mvua ya huko huchagua, inanyesha kwa huyu na kumruka yule. Lakini nimemwona kanikasirikia kweli.

Mahindi yameota vizuri kwa ile mvua moja ya Alhamisi na nyingine ndogo iliyofuata. Siku zako kumi zimetimia. Mbingu bado nyeupe. Nitumie namba mpya nipate usingizi.

Ashura binti Zubeiri


Njombe
10 Desemba 1999

Ashura,

Namba: tarehe 1, milimita 8. Tarehe 4, milimita 13. Tarehe 7, milimita 5.

Usigombane na Fidelia. Anatoka ng'ambo ya mto, huko kwao huenda ikawa hivyo asemavyo. Mvua yenu imechelewa njiani, itafika.

Sina mengi. Siku hizi siwezi kukaa. Nikikaa naona kama nimesahau kitu kwenye jiko, nikisimama sikumbuki ni kitu gani. Natembea mpaka chemchemi narudi, natembea tena. Ile milingoti, mikaratusi tuliyopanda pale bondeni, imekuwa mikubwa, huwezi kuikumbatia. Unakumbuka ulivyoisifu? Ema anasema nimekonda. Mwambie Rehana nimemsalimu, na Mwezi Mtukufu uwe wa heri kwenu.

Mwalimu Elius


Makambako
19 Desemba 1999

Mwalimu,

Leo funga ya kumi. Nakuandikia nikiwa nimekaa mpakani mwa shamba kwa sababu nyumbani sikai. Mahindi yamekunja majani, yamekuwa membamba kama majani ya vitunguu. Asubuhi yanajitahidi kufunguka, kufika saa nne yamejifunga tena. Rehana ameanza kumwagilia mashina ya pembeni kwa kopo. Nimemwambia aache, naye ananijibu kwamba akiacha atafanya nini.

Nieleze wewe uliyesoma. Kwako milimita 8, 13, 5. Kwangu hakuna. Miaka sita ilikuwa inafika, mwaka huu inatoka kwako halafu inanikwepa. Nimeanza kujikagua, Mwalimu. Labda kuna mtu nilimdhulumu. Labda ule ushauri wa kwamba nimsomee Abdulsalam hitima kubwa niliupuuza. Jana nilimwomba Fidelia msamaha nikidhani huenda ni kinyongo chake. Akaniangalia tu, akaniuliza kwani bado napata zile barua.

Ezekia anapita, ananisalimia, anaangalia chini. Afadhali angenitukana.

Nikifikiri kwamba huko kwenu mnalima kwenye matope naona wivu, Mungu anisamehe. Niambie ukweli: nina kosa gani?

Ashura


Njombe
27 Desemba 1999

Wifi na mtani wangu Ashura,

Kamwene. Mimi ni Ema, mke wa Mwalimu. Mwandiko wangu utauvumilia, kalamu na mimi hatujuani sana. Nakuandikia kwa siri na barua hii naipitisha kwa Fidelia.

Mwalimu haumwi lakini si mzima. Tangu Oktoba huku hakujanyesha. Si kidogo, hakuna. Umande tu na ukungu wa asubuhi. Vinyungu vyetu vya bondeni, bustani za kiangazi ambazo mama mkwe alizilima hata mwaka wa njaa, vimepasuka mkono unaingia. Chemchemi inatoa ndoo moja halafu unakaa chini unaingoja.

Yeye anakiendea kile kipimo mara kumi kwa siku. Anainua chupa, anaiangalia kwenye mwanga, anairudisha. Halafu anaingia ndani anaandika kwa muda mrefu, na mimi najiuliza anaandika nini wakati chupa ni kavu. Juzi alipokuwa kanisani nilifungua daftari. Kumejaa mvua, Ashura. Tisa, nne, kumi na saba. Chini ya meza kulikuwa na daftari jingine la zamani, la mwaka 1978, limefunguliwa Novemba. Ni namba zilezile.

Sikumwambia kitu. Mwaka ule watoto wote walikuwa nyumbani na Erica nilikuwa namnyonyesha. Nilikaa chini nikalia, kisha nikalirudisha daftari lilivyokuwa.

Mchungaji amekuja mara mbili, anaongea naye kwa upole, na upole ndio unaomzidishia uchungu. Nakuomba uje wewe. Mtani anaweza kusema kile ambacho mke na mchungaji hawawezi. Mcheke, mtukane, mfanye lolote. Nina hofu atakwenda mbali na asirudi.

Ema


Makambako
31 Desemba 1999

Mwalimu Elius,

Leo sikutanii.

Zile namba ulizonipa ni za mwaka gani?

Ashura binti Zubeiri


Njombe
6 Januari 2000

Ashura,

Ni za mwaka 1978.

Nimeandika barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa na sababu nyingi, nikaichoma. Hii haina sababu, ina jinsi ilivyokuwa tu.

Novemba yote nilisoma sifuri. Sifuri si kitu kigeni, nimeandika sifuri za Julai na Agosti miaka ishirini na tatu. Lakini ilipofika ya kumi na mbili ya Novemba mkono ulikataa. Nilichukua daftari la zamani nione Novemba ilivyokuwa inaandikwa. Nikanakili siku moja, kwa penseli, nikijiambia nitafuta. Nilipoiona pale kwenye ukurasa wa mwaka huu moyo ulitulia, nikala chakula vizuri. Kesho yake nikanakili nyingine. Ya tatu niliinakili kwa wino.

Ndipo barua yako ikafika, unauliza upande au usipande. Ningeweza kukuandikia sifuri. Nilikuwa na karatasi mbele yangu. Nikaogopa kwamba nikimwandikia mtu mwingine itakuwa kweli.

Naogopa, Ashura. Njaa ya mwaka mmoja siiogopi, nimeiona. Miaka thelathini nimesimama mbele ya watoto nikawaambia Novemba mvua, Juni baridi, Septemba upepo, na wao wakaandika. Mwaka juzi mvua ilitaka kutuua, mwaka huu hakuna. Siku hizi sijui Novemba ni nini. Na wale watoto sasa wana mashamba, wananiuliza mimi.

Ile chemchemi nayo, mikono yangu ipo. Ni mimi niliyesimamia milingoti ipandwe bondeni, wakati ushirika ulipokufa na kila mtu akaambiwa ajitafutie soko lake. Nilisema nguzo zitatulipa, sikuwaza miti hiyo inavyokunywa maji. Watu walinisikia kwa sababu ni mwalimu.

Huna kosa lolote. Mvua haikukukwepa. Haikuwepo. Usijikague tena. Mbegu zako na za Ezekia ziko juu yangu. Ukiacha kuniandikia nitaelewa.

Elius


Makambako
24 Januari 2000

Mwalimu,

Najua umenikasirikia nilivyokuja baada ya Idi na kuondoka kama nilivyoondoka. Vizuri, kasirika, kukasirika ni uzima. Nilipokukuta umesimama na ile chupa yako mkononi nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha barabara nzima. Yakanipotea. Nikabaki na utani tu.

Kwa hiyo kipimo ninacho mimi. Nilikichukua mbele ya wazee wa kanisa lako, na uliona hakuna aliyenyoosha mkono, maana mtani akichukua kachukua. Yale madebe mawili ya maharage niliyoyabeba jikoni kwa Ema yalikwenda kwa Ezekia. Nilimwambia yametoka kwako na nilimwambia kwa nini. Akauliza, mwenyewe anaendeleaje? Hilo ndilo alilouliza.

Kipimo nimekisimika katikati ya shamba, mbali na nyumba kama ulivyomfundisha Abdulsalam. Kila asubuhi saa tatu naiangalia chupa. Sifuri siku kumi na moja. Na ya kwanza kweli ilinichoma, nilitamani niitemee mate ili kuwe na kitu ndani. Hapo nikakuonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Siku ya tatu Ezekia alikuja kutazama. Siku ya sita walikuwa watu watano wamezunguka chupa tupu, na Fidelia akapita na viazi vyake akasimama naye. Kwa kuwa wote tulishaiona, hatukuwa na la kubishana. Mmoja akasema, haya, basi tufanye nini? Tumekubaliana mahindi yamekufa, tuyakatie ng'ombe. Tumelima tena. Nimepanda alizeti na kunde, kwenye vumbi, mbegu Rehana amezipata kwa ndugu zake. Kama mvua ya Februari itakuja ikute kitu ardhini. Isipokuja tutakuwa tumepanda wote.

Bado nashtuka nikisikia bati linalia. Lakini asubuhi sasa ninapo pa kwenda.

Wewe una zamu yako huko. Nilimsikia Ema akikuambia kuhusu milingoti. Kipimo hukipati mpaka niambiwe umefanya nini.

Ashura


Njombe
5 Februari 2000

Mteka nyara,

Wiki ya kwanza bila kipimo nilikuwa sifai. Ikifika saa tatu mwili unainuka wenyewe, nafika pale kwenye kile kigingi, nakuta kigingi. Ema alikuwa ananitazama kutoka jikoni, mimi najifanya nakagua ua.

Jumapili ya pili niliomba nafasi baada ya matangazo, nikasimama nikawaambia usharika kuhusu daftari. Nilidhani wataguna. Mzee mmoja akasema yeye tangu Desemba anawaambia wajukuu kwamba ng'ombe wamepelekwa kwa shangazi, kumbe aliwauza kwa kukosa majani. Mama mwingine akasema anapika maji asubuhi ili moshi utoke na majirani wasijue. Tukawa tunatoleana ya moyoni mpaka mchungaji akakaa chini kwenye benchi nasi. Sijawahi kuona ibada ya namna ile. Nimewaandikia pia watu wa hali ya hewa kwamba Novemba na Desemba zangu wazifute, nikaweka jina langu kamili.

Milingoti tunaikata. Kaya kumi na nne zimekubali, mbili zimekataa na zina haki ya kukataa, ndiyo akiba yao. Mimi nilishika msumeno wa kwanza. Nikakaa chini baada ya mti wa tatu, nikalia mbele za watu, na Tarsis, aliyekuwa mwanafunzi wangu mtundu kuliko wote, akaushika upande wangu akaendelea. Tunapanda mivengi, miti ya asili iliyokuwepo enzi za baba yangu, inayopenda kukaa na maji. Miche ni midogo, unaifunika kwa kofia. Maji ya kuinyweshea tunapokezana, kikombe kwa mche.

Chemchemi haijabadilika. Sikudanganyi. Inaweza kuchukua miaka ambayo mimi sina. Lakini nalala.

Nimetengeneza kipimo cha kopo la siagi na rula, kama tulivyokuwa tunafanya darasani. Hakina heshima ya kile cha shaba. Kinasoma sifuri vizuri sana.

Elius


Makambako
19 Februari 2000

Elius,

Nimeanza barua hii tangu Alhamisi.

Nilishika kalamu nikaandika, "Mtani, kwetu bado sifuri." Nikaikunja, nikatafuta bahasha. Rehana akaniuliza naandika nini, nikasema salamu. Nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Wewe uko huko na vikombe vyako vya maji na miche ya kufunika kwa kofia, nikajiambia, kwa nini nimuumize? Nitamwambia wiki ijayo ikifika na kwao. Ni siku chache tu, hazimdhuru mtu.

Ndipo nikaelewa ulivyofanya. Sikusamehe zaidi ya nilivyokwisha kusamehe, lakini nimeelewa. Inaanza na mtu unayempenda na karatasi.

Ile barua nimeichana. Hii ndiyo ya kweli.

Jumatano tarehe 16 mvua imenyesha Kitandililo. Milimita kumi na nne na robo. Nimeisoma saa tatu ya kesho yake, Ezekia ameisoma, Fidelia ameisoma, kila mtu kainua chupa kwenye macho yake. Ilitoka upande wa Mbeya, haikupita kwenu kabisa. Alizeti yangu ina majani manne na imesimama. Sijui kama itanyesha tena.

Imenyesha kwangu, Elius, na kwako haijanyesha. Nimefurahi na nimeona aibu kufurahi. Nimekuandikia yote mawili.

Ashura


Njombe
27 Februari 2000

Ashura,

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni. Umeogopa kwamba nitaumia. Niliumia. Niliiacha mezani nikaenda bondeni, nikakata mlingoti mmoja kwa hasira zaidi ya ilivyohitajika, Tarsis akaniuliza mti umenikosea nini.

Niliporudi nikaisoma tena. Nikaanza kufikiria alizeti ya majani manne imesimama kwenye udongo uliolowa, na Ezekia ameinua chupa. Nikajikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Wivu bado ulikuwepo, ila ulikuwa umesogea pembeni ukaacha nafasi.

Kipimo baki nacho. Kuna watu wengi zaidi wanaokizunguka huko kuliko walivyowahi kukizunguka hapa. Nimepiga mstari katikati ya daftari langu, sasa lina safu mbili, yangu na yako. Yangu, kuanzia tarehe 1 mpaka leo, ni sifuri, zote kwa wino. Kwenye yako nimeandika kumi na nne na robo.

Ema alikuwa kibarazani anapepeta maharage. Nikamsomea kwa sauti: milimita kumi na nne na robo. Mkono wake ukasimama. Hakunitazama.

"Hiyo ni ya mwaka gani?" akauliza.

Nikamwambia, "Ya mwaka huu."

Akaweka ungo chini, akaniambia nimsomee tena.

Mtani wako,
Elius